Kaka, Huku Wameshakuzika

Magomeni, Dar es Salaam
Jumanne jioni

Kaka Osmundi,

Shikamoo. Barua za kwetu huanza kwa kuuliza kama mtu ni mzima, na mara nyingi tunauliza kwa mazoea tu. Leo nakuuliza kweli. U mzima? Unakula? Kile kidonda cha shingoni kimefunga? Mama bado anakuchemshia majani yake, au umeshamshinda kwa ubishi? Mimi siumwi, namshukuru Mungu, ila nimechoka. Nimechoka mpaka vidole, na vidole ndivyo vinavyonilisha.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Kwa simu hatuwezani, kaka. Nikikupigia hutaki kunong'ona, nabaki naongea peke yangu kama mtu anayeuhutubia mtungi. Nikikuandikia ujumbe unanijibu neno moja. Jana nilikuandikia kwamba huku watu wanasema umekufa, ukanijibu, "Waache." Basi, hakuna la zaidi. Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo, nimekwenda nalo sokoni, na naona halinitoshi. Kandida, binti wa mama mdogo, anapanda basi la Songea kesho alfajiri. Nampa barua hii mkononi, na nimemwambia asikupe mpaka uwe umekaa.

Nianze na albamu, maana msiba wako ulianzia hapo.

Imetoka, inaitwa Mlango Uko Wazi. Ni albamu yetu ya kwanza bila wewe, na kila anayeisikia hilo ndilo analolisema kwanza, hata kabla ya kusikiliza wimbo mmoja. Kipaza sauti chako kakishika Festo, yule Mhehe wa Iringa niliyekutajia. Sauti yake iko juu kuliko yako, kwa hiyo nyimbo zote tumezipandisha, nami nimejifunza upya kupiga nyimbo nilizokuwa nazipiga huku nimefumba macho. Halafu anapenda roki. Cheka tu. Nyimbo mbili kazipeleka huko moja kwa moja, gitaa langu wakaliunganisha na kijisanduku cha kukwaruza sauti, likawa linalia kama mashine ya kuchomelea mageti. Mwanzoni niliona aibu kushika chombo. Sasa nimezoea, na sikufichi, kaka, mmoja kati ya hizo nyimbo mbili ni mzuri sana. Kijana anajua kuimba. Ungemsikia ungekuna kichwa kama unavyofanya ukisikia kitu ambacho ungependa kiwe chako.

Lakini Kariakoo hawakuitaka. Mimi na Festo tulizunguka Msimbazi na mitaa yake tukiwabembeleza wenye maduka waipige, maana unajua mwenyewe wimbo usipolia kwenye spika za Kariakoo haujazaliwa. Kila tulipoingia swali lilikuwa hilo hilo, kwa jina lako la jukwaani.

"Chiriku yuko wapi?"

"Amerudi kwao kulima."

"Haya, akishavuna mtuletee."

Muuza flashi mmoja alimtazama Festo juu mpaka chini akamwuliza, "Kwa hiyo wewe ndiyo spea?" Watu wakaangua kicheko, Festo akacheka nao, na tangu siku hiyo kila tukipita wanaita, "Oya, Spea!" Nilimwona anavyomeza mate. Ningeweza kuwaambia kwa nini huimbi, wangewaonea huruma, wewe na yeye pia. Lakini uliniapisha pale stendi siku unaondoka kwamba mtu asijue koo lako limepasuliwa na sauti imebaki hospitali. Huku mjini tukabaki tunaojua mimi na mwenye bendi, Bosi Kitwana, tu. Hata Festo hakuambiwa. Yeye aliamini kweli kwamba umechoka na mji, uko zako Namabengo unapalilia mahindi.

Ndiyo maana akafanya alichofanya.

Uzinduzi ulikuwa juzi Jumapili, bonanza la mchana, kwenye ukumbi wetu ule ule. Watu walikuja nusu, na hao nusu walikaa wamekunja mikono. Wimbo ukiisha wanapiga makofi mawili matatu ya huruma, halafu mtu wa nyuma anaita, "Chiriku!" Wimbo wa nne Festo akanikonyeza, akaingia nyuma ya maspika. Pale ukutani koti lako jekundu lilikuwa bado limetundikwa kwenye msumari wake. Hakuna aliyethubutu kuligusa tangu uondoke. Festo akalichukua akalivaa nje ndani, akajifunga khanga ya mhudumu kiunoni, akatoka analia kwa sauti, akajitupa chini katikati ya jukwaa na kuanza kugaagaa.

"Uwiii! Mngoni kaniachia kazi! Kaondoka na sauti yote, kaniachia kikohozi! Mtani wangu weee! Siondoki hapa! Mnilipe kwanza, la sivyo jeneza halipiti!"

Nilicheka, kaka. Nilikuwa wa kwanza kucheka. Wewe Mngoni, yeye Mhehe. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, wakatuachia utani. Mimi niliona mtani anamlilia mtani wake aliyelitoroka jukwaa, na nikaona ni njia nzuri ya kuwanyamazisha wale wa nyuma. Nadhani Festo naye aliwaza hivyo. Tatizo ni kwamba watu wa Dar utani wa kugaagaa na kuzuia jeneza wanaujua, na wanaujua vizuri, ila wameuona mahali pamoja tu, msibani. Hakuna aliyewahi kuona mtani akimgaagalia mtu mzima aliye shambani kwake. Yule mama wa vitenge, yule aliyekuwa akija kukutunza kila Jumapili na kukupangusa jasho kwa kitambaa chake, akasimama akashika kichwa.

"Jamani! Chiriku kafa!"

Akaangusha kilio, wenzake wakapokea.

Hapo Festo angenyamaza tungepona. Lakini mtani msibani hanyamazishwi na kilio, unajua. Kilio ndicho kinachomtia moto. Akadhani watu wamemwelewa, wameingia kwenye utani pamoja naye, hatimaye wamempenda. Akazidisha. "Mzikeni na sufuria lake, huyu alikuwa mlafi! Msimwekee chumvi!" Kila akisema, wanawake wanazidi kulia, na kila wakilia yeye anazidi kusema. Mpiga besi aliacha kupiga akavua kofia. Mpaka Festo anakuja kuona machozi ya kweli na kuinuka, nusu ya watu walikuwa nje na simu masikioni. Mzaha mzaha, hutumbua usaha.

Nilishika kipaza sauti niseme. Nilipogeuka nikamwona Bosi Kitwana mlangoni anawatazama watu wanavyorudi ndani, na wengine wapya nyuma yao, akanipungia mkono, "Pigeni! Pigeni!" Mpiga tumba akaanza, nami mkono ukafuata. Tukapiga Mlango Uko Wazi. Huo wimbo Festo kamtungia mwanamke aliyemkimbia Iringa, anamwambia mlango uko wazi na kikombe chako bado kipo. Kibwagizo cha pili ukumbi mzima ulikuwa unaimba na kulia. Ndiyo mara ya kwanza watu kuimba pamoja na Festo.

Jana asubuhi nilikuwa kwenye meza yangu Mchikichini kama kawaida, nimeinama nasugua viatu vya mtumba vya robota jipya, nikasikia gitaa langu mwenyewe kutoka spika ya mwisho wa safu. Nikainuka. Nikalisikia tena upande wa pili. Kufikia saa nne wimbo ulikuwa kila mahali, na watu wanakuja kwenye meza yangu bila kununua kitu, wananishika mkono. "Pole sana, Gau." Mmoja kasikia ni ajali ya basi. Mwingine ana hakika umelogwa na wanamuziki wenzako, na aliniangalia kwa jicho la kuniuliza kama nilikuwepo. Wale waliomwita Festo spea wanaitafuta albamu kwa tochi. Kufa kufaana, kaka, wahenga hawakukosea.

Nikafunga meza nikarudi nyumbani nipumzike. Kumbe nakwenda matangani.

Bi Mwanahawa, mwenye nyumba wangu, alikwishatandika mikeka barazani. Redio ya mpangaji wa chumba cha mbele imezimwa, masufuria ya kuazima yako uani, wanawake wanachambua mchele, wanaume wamekaa wameinamisha vichwa. Nilipofika wakasimama wote. Bi Mwanahawa akanikumbatia. "Yeye Mkristo na sisi Waislamu," akaniambia, "lakini dua haina ukuta. Kaa hapa, mwanangu." Wakanikalisha mkekani, mimi, nikapokea pole ya ndugu yangu ambaye asubuhi ile bila shaka alikuwa anagombana na mama kuhusu uji.

Nikasema. Sikunyamaza, usifikiri. Nikasema, "Jamani, kaka yangu hajafa."

Mzee mmoja akanipapasa bega. "Ndiyo, mwanangu. Mtu kama yule hafi."

"Siyo hivyo, mzee. Yuko hai. Yuko kijijini."

Wakatazamana. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mpeni maji, hajapokea bado." Wakaniletea maji. Niliyanywa, kwani ningefanya nini, na kiu nilikuwa nayo.

Ndipo kijana wa duka la pembeni akasema, "Sasa bro, si umpigie tu tumsikie? Weka spika, tuyamalize."

Ile simu uliyoipokea jana mchana ndiyo hiyo, kaka. Nyuma yangu kulikuwa na baraza zima limesogea, watu wamezuia pumzi. Ukapokea. Nikasema, "Kaka Osmundi, ni mimi Gau, sema neno moja tu." Tulisikia jogoo. Tulisikia mama akimwita mtu kwa mbali. Tukakusikia wewe unapumua. Nikasema tena, "Sema chochote," na wewe ukakata.

Ulikuwa hujui, najua. Ulidhani nakusumbua tu nisikie umefikia wapi. Lakini nilivyoona haya ile dakika sijawahi kuona maishani. Watu waliinamisha macho kunihurumia, yule kijana akasema, "Dah, samahani bro," na mwanamke mmoja akaanza upya kulia. Wakala wali, wakaondoka. Nikakuandikia ule ujumbe, nawe ukanijibu lile jibu lako.

Alibaki Bi Mwanahawa anakunja mikeka. Akaja akasimama mbele yangu, mkono kiunoni.

"Gaudensi. Mimi masikio yangu mazima. Kwenye ile simu nimesikia mtu anapumua. Maiti haipumui."

Nikaanza kumsaidia kukunja mkeka.

"Sauti imekwenda, siyo?"

Sikumjibu, kaka, kiapo chako nilikishika. Ila machozi yalinitoka, na mwanamke wa umri ule hahitaji jibu jingine. Akakaa chini. Nilidhani ataniambia pole, lakini alipandwa na hasira.

"Kwa hiyo wali wangu umeliwa bure! Na nazi zangu! Mtu mzima yuko kwao anaona bora azikwe kuliko watu wajue ana koo bovu! Kwani sisi tulikuwa tunapenda koo? Ng'ombe ana koo. Mwambie mimi Mwanahawa nilikuwa naye hapa barazani asubuhi akinywa chai, wala haimbi, na nilifurahi kuwa naye. Mwambie ana dharau."

Nimekuandikia kama alivyosema. Amenikataza kupunguza.

Bosi Kitwana alikuwa ameshapita hapa mapema, wakati watu wanakula. Alikaa mkekani na wengine, akala na wengine, akanivuta pembeni. Jumapili hii anataka kufanya onyesho la kukukumbuka. Bango limeshachapwa, wewe na koti lako jekundu. Watu watasimama kimya, halafu ndugu wa marehemu atashika kipaza sauti ashukuru. Ndugu wa marehemu ni mimi.

"Bosi, kaka yangu yuko hai na wewe unajua. Wewe ndiye uliyenipeleka kumwona wodini."

"Najua. Sisi tumesema uongo gani? Hatujasema neno. Wamesema wenyewe. Na yeye si alitaka asiulizwe? Sasa hataulizwa. Acha mambo yatulie, baadaye tutalisema taratibu."

Nilimtazama. Hakuwa hata na aibu, alikuwa na furaha ya mtu aliyeona bendi yake inapumua. Na mimi nina njaa kama wengine pale, sitajifanya mtakatifu. Tangu uondoke tumepiga mbele ya viti. Lakini baadaye gani hiyo? Mtu akishazikwa na mji mzima, unamfufua taratibu vipi?

Leo mchana Festo kanifuata Mchikichini. Hajalala, macho mekundu. Alikaa juu ya robota langu akashika kichwa.

"Kaka Gau, mimi nimeua mtu."

"Hujaua mtu."

"Basi niambie yuko wapi. Bosi ananiambia nyamaza, wewe unanyamaza. Kama amekufa kweli nimemgaagalia marehemu kabla ndugu hawajatangaza. Kama hajafa, nimemchuria kifo. Na ule wimbo wangu, kaka. Nimeutunga miaka miwili. Sasa wanaupenda, ila wakiusikia wananililia mtu mwingine. Hawajanisikia mimi hata mara moja."

Nikaona kumbe humo kaburini si wewe peke yako. Festo yumo, na albamu yake imo. Mimi nimo, maana ndugu wa marehemu ndilo jina langu sasa sokoni. Wewe umesema tuwaache. Ni rahisi kusema ukiwa Namabengo. Mimi ndiye niliyekaa kwenye ule mkeka.

Kaka, mimi nakuelewa zaidi ya unavyofikiri. Nilikuwa kando ya kitanda uliposhika ile kalamu ukamwandikia daktari kuuliza utaimba lini, naye akatikisa kichwa. Nilikuona. Tangu siku ile nimekuwa nikikusubiri urudi, siyo kuimba, kurudi tu. Kukaa nyuma ya spika ukinikunjia uso nikikosea. Nani mwingine ananikunjia uso? Festo ananiogopa, na Bosi hajui kinanda na gitaa vinatofautiana nini. Nilikubali kuficha kwa sababu nilidhani unajipa muda. Sikujua kwamba ulikuwa unangoja litokee kaburi la bure uingie. Nina hasira na wewe, na ninakupenda, na vyote viwili vinanichosha sawasawa.

Msalimie mama, mwambie khanga zake nimezipata, Kandida anazo, na asisikilize maneno ya wapita njia kutoka Dar. Msalimie baba mdogo, umwambie mbegu alizoniagiza nimezikosa Kariakoo nzima, nitajaribu Buguruni. Shangazi mwambie nasali. Na shemeji yako, mke wangu, akipita hapo kuchota maji, mwambie kwamba mimi ni mzima na sijakonda sana.

Sasa sikiliza. Jumapili Bosi akinipa kipaza sauti nitawaambia uko hai. Wataniuliza kama uko hai kwa nini huimbi, nami nitawaambia kwa nini, kwa maneno yote, mbele ya mama wa vitenge na wote waliolia. Halafu nitamwomba Festo aimbe wimbo wake wausikie. Kiapo chako nitakuwa nimekivunja, na sikuombi ruhusa. Basi la kuja Dar linaondoka Songea kila alfajiri. Ukitaka nisiseme, panda uje unizibe mdomo mwenyewe.

Mdogo wako, ambaye hajafiwa na mtu,

Gaudensi